Uzito wa Haki

Kituoni Rayners Lane, London, treni za Metropolitan na za Piccadilly huingia njia moja ya reli kwenda Uxbridge. Ya nyuma huingoja ya mbele. Hakuna anayeona dhuluma, maana hakuna anayeshindana. Mbio za magari za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ni jambo jingine. Mwaka 2023 Toyota, iliyokuwa imeshinda mara tano mfululizo, iliongezewa uzito wa kilo 37 siku chache kabla ya mbio. Ferrari iliongezewa 24, ikashinda. Waandaaji wana hoja: pasipo kusawazisha, wanyonge wangejitoa. Lakini anayetwishwa mzigo kwa kasi aliyoionyesha, mwakani ataificha, na gari bora litaendeshwa polepole majaribioni kwa makusudi.