Kufuli Lisilomjua Mwenyewe

Mtu hutia kufuli mlangoni kwa sababu mbili: ana kitu cha thamani, na si watu wote anaowaamini. Hapana aibu katika jambo hili; hata waadilifu hufunga milango yao usiku. Lakini kufuli la zamani lilikuwa na udhaifu ambao, ukitazamwa vema, ulikuwa rehema. Ufunguo ulipopotea, mwenye nyumba aliwaita jirani wakashuhudia kuwa nyumba ni yake. Seremala akaja, mlango ukavunjwa, na mali ikapatikana kwa hasara ya mlango tu.

Zama zetu zimezaa kufuli la namna nyingine. Diski ya kompyuta siku hizi haifungwi kwa chuma bali kwa fumbo. Kila neno na kila picha iliyomo hugeuzwa kwa hesabu ikawa mchafuko wa alama, na hesabu hiyo hairudi nyuma ila kwa ufunguo, ambao nao ni namba tu. Katika kompyuta nyingi zitumiazo Windows kinga hii huitwa BitLocker, na ufunguo wake wa akiba una tarakimu 48, katika mafungu manane ya tarakimu sita sita. Ufunguo huo ni mmoja miongoni mwa funguo ambazo idadi yake yakaribia 34 ikifuatwa na sifuri 37. Mashine milioni moja, kila moja ikijaribu funguo bilioni moja kwa sekunde, zingehitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu mara 700,000 ili kuzimaliza zote. Hapa hapana seremala wa kuitwa. Kampuni ya Microsoft, iliyotengeneza kinga hiyo, yasema wazi kwamba haiwezi kuunda upya ufunguo uliopotea.

Tena ufunguo huo huweza kudaiwa kwa mtu asiyesahau lolote. Fundi akibadilisha ubao mkuu wa kompyuta, kinga huona kwamba diski imo katika mashine ngeni, ikakataa kufunguka mpaka iandikiwe zile tarakimu 48. Mwanafunzi aliyeandika tasnifu kwa miaka mitatu husimama mbele ya kazi yake kama mgeni. Diski i mkononi mwake, nzima, haina ufa. Maneno yake yote yamo, wala hata moja halisomeki.

Mwezi wa Januari 2021 dunia ilisikia habari za Stefan Thomas, mtengenezaji wa programu, Mjerumani akaaye San Francisco. Alikuwa na sarafu 7,002 za Bitcoin, zilizokadiriwa wakati ule kuwa na thamani ya dola milioni 220, na funguo zake zilikuwa katika kifaa kidogo kiitwacho IronKey. Karatasi aliyoandika neno la siri ilikuwa imepotea. Kifaa humpa mtu nafasi kumi za kubahatisha, kisha hujifunga milele. Alikwisha kutumia nane.

Je, kufuli la namna hii ni dhalimu? Waliofikwa na msiba husema ndiyo, maana lamnyima mtu kilicho chake. Neno hili lina huruma, lakini hoja yake ni pungufu. Kufuli halijui uso, wala nasaba, wala machozi, lajua namba. Kama lingefunguka kwa kilio cha mwenyewe, lingefunguka pia kwa kilio cha mwizi, na aghalabu mwizi hulia vizuri zaidi. Kweli, baadhi ya kompyuta huweka nakala ya ufunguo katika akaunti ya mwenyewe kwenye hifadhi ya kampuni. Hiyo ni rehema, lakini rehema yenye bei, kwa kuwa sasa yupo mwingine awezaye kuamriwa autoe. Daktari atunzaye habari za wagonjwa, na mwandishi afichaye jina la mtu aliyemwambia kweli ya hatari, wamelindwa na ukali ule ule uliomliza mwanafunzi wetu. Haitupasi kuusifu ukali huo ukiwakabili adui zetu na kuushutumu ukitukabili sisi.

Basi lawama si ya kufuli. Huruma ilipoondoka katika chuma, wajibu uliongezeka kwa mtu. Nao wajibu huu hauna uzito mmoja kwa kila siri. Siri iliyo yangu peke yangu yaweza kufa nami, wala simdhulumu mtu. Lakini hesabu za chama, mali za yatima na picha za wazazi waliofariki ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuitundika juu ya uzi mmoja wa kumbukumbu yake. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi daftari nalo hufungwa.

Gerald Cotten wa Kanada, mkuu wa soko la sarafu liitwalo QuadrigaCX, alikufa nchini India mwezi wa Desemba 2018. Wateja wake waliambiwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua funguo. Mwaka 2020 Tume ya Dhamana ya Ontario ilieleza kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imepotea kwa udanganyifu wake mwenyewe kabla ya kufa. Siri ya mtu mmoja ilikuwa imeuficha utupu, wala hapakuwa na wa pili wa kuuona.

Dawa yajulikana. Mwaka 1979 mwanahesabu wa Israeli, Adi Shamir, alionyesha namna ya kuigawa siri katika mafungu, tuseme matano, hata watatu wowote wakikutana siri hupatikana, na wawili wasipate hata chembe yake. Kwa mtu wa kawaida yatosha kuandika zile tarakimu 48 katika karatasi, mbali na kompyuta yenyewe, na kumjulisha mwaminifu mmoja mahali ilipo. Lakini dawa zote mbili zadai kitu ambacho hesabu haitengenezi, nacho ni mtu wa kuaminiwa. Kabla ya kuuliza kama kufuli lake ni imara, mwenye amana na aulize ni nani atakayelifungua siku ambayo yeye hayupo.