Mikono Hufuata Macho

Ukipita asubuhi karibu na uwanja wa shule ya udereva utaona gari lenye herufi L likitambaa kati ya koni. Mwanafunzi ameung'ang'ania usukani, jasho linamtoka, na macho yake yameganda kwenye koni ya kushoto asije akaigonga. Hiyo hiyo ndiyo anayoigonga. Mwalimu mwema hamgombezi. Humwambia tu: usiitazame koni, tazama unakotaka kwenda.

Mikono hufuata macho bila kuombwa. Anayetazama hatua chache tu mbele ya boneti huyumba kushoto na kulia, kwa kuwa hugundua kosa likiwa limeshakua. Anayetupa macho mbali huliona mapema, na kuugusa usukani kidogo kunatosha.

Je, wewe umekuwa ukitazama nini wiki hii? Huenda kuna mtu aliyekuumiza, nawe umeapa moyoni kwamba hutakuwa kama yeye. Lakini neno lake unalitazama asubuhi, unalitazama tena usiku, na polepole ulimi wako umeanza kufanana na wake. Sisemi jeraha halipo. Koni ipo, na dereva anajua ipo. Ila haikuwekwa pale iwe njia.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa udereva hufundisha, nami nalipenda sana. Tanzania, Kenya na Uganda dereva huketi kulia, hivyo ukingo wa kushoto wa barabara uko mbali naye, na matairi ya upande ule hayaoni kabisa. Basi hujifunza alama. Katika magari mengi madogo, ukingo ukionekana kukutana na boneti karibu na katikati yake, matairi yako kama sentimita 30 kutoka ukingoni. Mgeni wa usukani huogopa, akadhani ameshaupanda. Hawezi kuona ukweli huo kwa macho. Huiamini alama, na kwa mazoezi ya kila siku hofu humtoka.

Lakini alama hiyo ni ya kiti chake. Mrefu akimpisha mfupi, au kiti kikisogezwa, inahama. Ndiyo maana kabla ya kuwasha gari mtahiniwa hurekebisha kiti na vioo kwanza. Na Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, ukingo wa kuangalia ni ule mwingine kabisa. Je, yule unayemlaumu, umewahi kujiuliza ameketi wapi, na kutoka pale anaona nini?

Petro naye aliponzwa na macho: alitembea juu ya maji, kisha akauangalia upepo, akaanza kuzama. Mathayo anatusimulia katika sura ya 14 kwamba Yesu alimnyoshea mkono mara moja. Swali kuhusu imani yake lilifuata baadaye. Mtahini wa udereva anaweza kukufelisha kwa koni moja. Bwana hutushika kwanza.

Kwa hiyo, mpendwa, kesho kabla hujatoka nyumbani, keti kidogo mbele za Mungu na umtaje yule mtu kwa jina. Usianze na alichokutendea. Omba uoneshwe unakotaka kufika naye, kisha mpelekee salamu.