Dhamana ya Mvua

Zamani za watemi, Usukuma ulikuwa na desturi moja ambayo wageni wengi waliihesabu kuwa ujinga mtupu. Mtemi alikuwa mdhamini wa mvua. Mvua ikikatika mwaka baada ya mwaka, mazao yakaungua na ng'ombe wakafa, watu waliweza kumwondoa katika kiti chake, ingawa kila mmoja wao aliyaona mawingu kwa macho yake na kujua kuwa hayashikwi kwa mkono wa mwanadamu. Utemi ulifutwa mwaka 1963, lakini swali lililokuwa ndani ya desturi ile halikufutwa: nchi inapokauka, ni nani apaswaye kujibu?

Katika swali hili tumesaidiwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchimba matope. Daniel Livingstone, ambaye msomaji asimchanganye na yule mmisionari, alizaliwa mwaka 1927 akafariki mwaka 2016, na alifundisha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, tangu mwaka 1956. Mwaka 1955 alieleza habari za chombo chepesi cha kulitoa tope la chini ya ziwa pasipo kulivuruga, tabaka juu ya tabaka. Chavua ya miti na nyasi hupeperushwa na upepo, huanguka majini, huzama na kufunikwa. Mtaalamu akiitazama kwa hadubini, na umri wa tope ukapimwa kwa kaboni, huweza kujua mimea iliyoota kando ya ziwa zama ambazo hakuna mzee wa kuzisimulia.

Mwanafunzi wake, Robert Kendall, alilisoma hivyo tope la Ghuba ya Pilkington huko Uganda, katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalopokea maji ya mto Simiyu. Mwaka 1969 alionyesha kuwa palikuwa na zama ambazo ziwa halikuwa na maji ya kumwagikia Nili, na nyasi zilitawala kandokando yake. Baadaye misitu ikaja. Na miaka 3,000 hivi iliyopita misitu ikaanza kupungua. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake wakatoa ushahidi mzito zaidi, kwamba kiasi cha miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka kabisa. Bahari ile ya maji baridi ilikuwa uwanda.

Basi wako wanaosema, nasi tumewasikia Bariadi kwenyewe, kwamba ikiwa ziwa lilikauka kabla ya jembe, kabla ya pamba na kabla ya ng'ombe, ukame ni kazi ya mbingu na mwanadamu hana kosa. Hoja hii ina utamu, maana inamwondolea kila mtu mzigo. Lakini haisimami. Kwamba mtu aweza kufa kwa homa si ushahidi kwamba hakuna auawaye kwa panga.

Tuitazame nchi yenyewe. Tangu miaka ya 1920 vichaka vya Shinyanga, mkoa uliokuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu hadi Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walipungua, hilo tusilikatae. Ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, na miti ikaisha. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipouzuru mkoa huo, uliitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanza Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kuirudia desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, ndama na maksai wapate kula. Ngitili zilizoorodheshwa mwaka ule zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miti ilirudi, na hakuna aliyekuwa amebadilisha mbingu. Kilichobadilika ni mikono.

Hata hivyo, yatupasa kuwa waangalifu. Ile misitu iliyopungua miaka 3,000 iliyopita, ilipunguzwa na ukavu au na shoka la wakulima wa kwanza? Kendall hakuona kuwa tope lilitosha kukata shauri, na wataalamu waliomfuata wamebishana. Sisi twaipenda zaidi staha hii kuliko uhodari wa wale wanaojua mkosaji kabla ya kufungua kesi.

Na kesi ya leo ina washtakiwa wengi. Tangu mwaka 1912 hadi 2000 Kilimanjaro ilipoteza kiasi cha asilimia 80 ya barafu yake. Joto la dunia limeongezwa zaidi na moshi wa viwanda vya mbali, na mkulima wa Bariadi mwenye maksai wawili hana sehemu ya kutajika katika moshi huo. Kumdai yeye fidia ya mbingu ni dhuluma. Lakini kilima kilicho nyuma ya nyumba yake, alichokifyeka mwenyewe, hakikufyekwa na Ulaya.

Hapo ndipo tunapoirudia desturi ya kale kwa heshima mpya. Nafaka iliyopelekwa kwa mtemi kama kodi ilikuwa pia akiba ya watu wakati wa njaa. Huenda waliomwondoa hawakumdai mawingu peke yake. Walimwuliza pia ghala liko wapi. Swali hilo sasa laweza kuulizwa katika kila mkutano wa kijiji, kuanzia Itilima hadi Busega: ngitili yetu ina ukubwa gani, nani aliyeifungua kabla ya wakati, na ng'ombe walioingia usiku walikuwa wa nani.