Kununua na Kuuza Wachezaji

Kila ufikapo msimu wa usajili, lugha ya mpira hugeuka kuwa lugha ya soko. Husemwa kwamba klabu fulani imenunua mshambuliaji, nyingine imeuza mlinda mlango, na ya tatu imekataa bei. Wazee husema hivyo, na watoto hukua wakisikia hivyo. Kufupisha maneno si vibaya. Walakini maneno yakizoeleka huzaa mawazo, na mawazo huzaa matendo. Basi yafaa tujiulize: je, ni haki kumtia mtu bei? Na kama si haki, ni kitu gani hasa kinacholipiwa fedha nyingi namna hii?

Wako watazamao wingi wa fedha peke yake. Mwaka 1905 klabu ya Middlesbrough, huko Uingereza, ilitoa pauni 1,000 kumpata Alf Common kutoka Sunderland, na watu wakanung'unika sana. Mwaka 2017 Paris Saint-Germain ya Ufaransa ilitoa euro milioni 222 kumpata Neymar kutoka Barcelona. Tofauti ni kubwa mno, lakini swali ni lile lile. Kama ni vibaya kumnunua mtu kwa mamilioni, ni vibaya vile vile kumnunua kwa shilingi mia. Wingi wa fedha waweza kutushangaza. Hauwezi kutuamulia lililo haki.

Jibu letu ni hili: kiwezacho kuuzwa kwa haki ni ahadi, wala si mtu. Mchezaji atiapo sahihi mkataba wa miaka minne, huahidi kuitumikia klabu yake, nayo humwahidi mshahara. Klabu nyingine ikimtaka kabla ya muda huo kwisha, naye mwenyewe akiridhia, ni haki ile ya kwanza ifidiwe, maana imeiacha haki yake. Hapo hapana ubaya. Ubaya huanza pale ambapo ahadi imekwisha na mtu angali ameshikwa, au pale ambapo hakuna amwulizaye kama ataka kwenda.

Jambo hili halikupata kueleweka kwa urahisi. Zamani, kwa kanuni za mpira za Uingereza, mchezaji aliyemaliza mkataba hakuweza kuhamia klabu nyingine mpaka klabu yake imwachilie. Mwaka 1960 George Eastham wa Newcastle United alimaliza mkataba wake, akataka kuondoka, akakataliwa. Akauacha mpira kwa miezi kadhaa, akaenda kusini kufanya kazi nyingine, hata alipoachiliwa kwenda Arsenal. Lakini shauri lake hakuliacha. Mwaka 1963 Jaji Richard Wilberforce aliamua kwamba kumshika mtu namna ile ni kumzuilia kazi yake pasipo haki. Jaji huyo alikuwa wa uzao wa William Wilberforce, aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Hatusemi kwamba mcheza mpira ni mtumwa. Asemaye hivyo awakosea heshima wale waliouzwa katika soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Twasema tu kwamba kanuni ni moja: kazi ya mtu yaweza kukodiwa, mwenyewe hamilikiwi.

Hata baada ya hukumu hiyo klabu zilizidi kudai ada kwa mchezaji aliyekwisha kumaliza mkataba. Mwaka 1990 Jean-Marc Bosman, Mbelgiji wa klabu ya Liège, alitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, na mambo yakavunjika kwa sababu ya ada hiyo. Alishtaki. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya huko Luxembourg iliamua kwamba raia wa nchi za umoja ule, mkataba wake ukiisha, aenda atakako kati ya nchi hizo bila ada. Wachezaji wa leo wanatajirika kwa hukumu hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupoteza miaka iliyo bora ya mchezo wake.

Lakini tusiwe wepesi wa kuzilaumu klabu. Klabu ina deni kwa wanachama wake, nayo haina budi kuchagua kwa busara nani aje na nani aende. Mfano uko karibu nasi. Januari 2020 Aston Villa ilikuwa katika hatari ya kushuka daraja, na mshambuliaji wake Wesley alikuwa ameumia goti. Ikamchukua Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Machi akafunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa ikanusurika. Septemba ikamleta mshambuliaji mwingine, Ollie Watkins, na Samatta akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo, kati ya maamuzi hayo mawili yumo mtu aliyehama nchi mara mbili katika mwaka mmoja. Mtu huyo hadai huruma. Anadai aambiwe kweli mapema, na asiitwe hasara kana kwamba ni gunia lililoozea ghalani.

Jambo zito kupita yote lawahusu watoto. Kanuni za FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa toka nchi hata nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Hata Barcelona, kwa kosa hilo, iliadhibiwa mwaka 2014, ikazuiwa kusajili kwa vipindi viwili vya mwaka 2015. Kanuni hizo hazikutungwa bure. Vijana wengi wa Afrika walipelekwa Ulaya na mawakala wa uongo, wakaachwa mijini bila shule wala nauli ya kurudi, hata Jean-Claude Mbvoumin, aliyepata kuichezea Kameruni, akaanzisha chama cha Foot Solidaire mwaka 2000 ili kuwasaidia.

Basi, enyi wazazi, angalieni. Ajapo mgeni na kusema kwamba mwanao ana kipaji, na kwamba uuze shamba ili umlipie safari, kumbuka wahenga walivyonena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Klabu ya kweli yenye haja na kijana hutoa fedha. Haimwombi baba yake. Kanuni hizo hizo za FIFA huagiza kwamba mchezaji wa kulipwa akihamia klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 hata 23. Ikiwa malezi ya uwanjani yana haki hiyo, malezi ya nyumbani yana haki kubwa zaidi: haki ya kuuliza. Mwulizeni mgeni, "Mtoto wetu atasoma wapi? Atalala kwa nani? Na akivunjika mguu, nani atamrudisha kwetu?" Asiyeweza kuyajibu maswali hayo matatu hakuja kutafuta mchezaji, amekuja kutafuta bidhaa.