Simu ya Carlucci na haki ya mtuhumiwa

Kwenye baraza za kahawa hapa Kariakoo, likitajwa jina la Frank Carlucci mbele ya wazee, hukumu huwa imeshatoka: jasusi. Ukiuliza ushahidi, unajibiwa kwamba mwaka 1978 aliteuliwa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Unataka nini zaidi?

Ndugu msomaji, hebu tuitazame kesi yenyewe. Carlucci, aliyewahi kufanya kazi ubalozini Kongo siku za Lumumba, aliletwa Zanzibar mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Januari 1965 alizungumza kwa simu na Robert Gordon wa ubalozi wa hapa Dar es Salaam. Kwa maelezo yao, walitaka Washington itume salamu za pongezi Mapinduzi yakitimiza mwaka, wakasema wanahitaji "risasi" zaidi za kuwashawishi wakubwa. Kwa Kiingereza neno hilo hutumika pia kwa maana ya hoja. Kumbe simu inasikilizwa! Serikali ikaelewa risasi ni risasi, wote wawili wakafukuzwa nchini.

Simshangai Mwalimu Nyerere kuwa na hofu. Lumumba alikuwa ameshauawa, na Novemba 1964 ndege za Marekani ziliwashusha askari wa Kibelgiji Stanleyville. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hofu si ushahidi, na cheo cha 1978 hakiwezi kurudi nyuma kikawa shahidi wa 1965. Suratul Hujurat, aya ya 12, imeziweka dhana na upelelezi katika katazo moja, wala haikusema ni kwa rafiki tu.

Jambo hili linatugusa. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa jijini humu tarehe 7 Agosti 1998, na baada ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, tulilalamika kwamba Muislamu anashukiwa kwa ndevu zake, kwa chuo alichosoma, kwa namba iliyokutwa kwenye simu yake. Tukasema: leteni ushahidi. Tulikuwa na haki. Sasa Mmarekani tunamfanyia yaleyale, tena huku tunakunywa kahawa.

Atatokea wa kusema kuwa taifa lililofungia watu Guantanamo miaka na miaka bila mashitaka halistahili kutetewa. Taifa, sawa. Mimi nasema juu ya mtu mmoja na simu moja. Siasa zake sizipendi, na tuhuma za Kongo, ambazo alizikana, zina kesi yake. Ila kwa maneno yale ya Januari 1965, ningekuwa kadhi ningemwachia.