Je, Dhambi ya Mchezoni Ni Dhambi?



Mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya darsa, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, nikiua mtu kwenye gemu, napata dhambi?" Tukacheka msikiti mzima. Ustadhi hakucheka. Akamwuliza, "Jana ulicheza mpaka saa ngapi?" Akajibu, "Saa saba usiku." "Na Alfajiri uliiswali saa ngapi?" Kimya. "Basi tuanzie hapo," akasema ustadhi, akapokea swali lingine.

Jibu lile lilikuwa sahihi, lakini mimi halikunitosha. Tuseme nimeswali kwa wakati, nimesoma, nimefua nguo, na nimebakiwa na saa moja isiyo na mwenyewe. Nikikaa kwenye kompyuta nikaua, nikaiba au nikadanganya ndani ya mchezo, nimefanya nini hasa? Nimeishi na swali hilo miezi kadhaa, huku nikicheza gemu nne, na leo naomba niwaletee maoni yangu. Mimi si shekhe. Ni mwanafunzi wa uhasibu hapa Kampala mwenye laptopu ya mtumba isiyobeba gemu kubwa za kisasa. Mambo ya hukumu waulizeni wenye elimu. Mimi naleta niliyoyaona.

Si ndoto, wala si kitendo kamili

Aliyelala akaota ameiba haandikiwi kitu, kwa sababu hakuchagua. Mchezoni ninachagua: kidole ni changu na nia ni yangu. Kwa hiyo kusema "ni mchezo tu" ni kukwepa swali. Lakini mwizi wa kweli humwacha mwenzake hana kitu, na mimi nikiiba mchezoni hakuna anayelala njaa. Kwa hiyo kusema "ni wizi uleule" nako si kweli. Jambo lenyewe liko katikati, na ili kuliona ilinibidi nitazame gemu moja moja.

Nyumba ya wazee wawili

This War of Mine ilitoka mwaka 2014, kazi ya kampuni moja ya Poland. Watengenezaji wake walichukua mfano wa kuzingirwa kwa Sarajevo, mwaka 1992 hadi 1996, ambako ndugu zetu Waislamu wa Bosnia na majirani zao waliishi chini ya mizinga na risasi. Humo wewe si askari. Unaongoza raia wachache waliojificha kwenye nyumba iliyobomoka, na usiku mmoja wao hutoka kutafuta chakula na dawa. Kuna nyumba ya wazee wawili, mume na mke. Chakula wanacho, silaha hawana. Ukianza kuchukua, mzee anakusihi uwaachie.

Niliwaibia. Watu wangu walikuwa na njaa, na hesabu ilionyesha hatutafika siku ya kumi. Tuliporudi hakuna aliyenipongeza. Yule niliyemtuma alishuka moyo, akakaa pembeni, na huzuni yake ikawashika wenzake. Chakula kilikuwepo, furaha haikuwepo.

Hii ndiyo gemu bora kati ya zote nne, kwa maoni yangu, kwa sababu dhulma ndani yake si tamu. Gemu nyingi za vita nilizocheza utotoni, tukikodi pedi kwa dakika kwenye kibanda cha mtaani, zinakupa pointi kwa kila kichwa unachoangusha. Damu ni ileile ya rangi kwenye kioo, lakini moja inakuzoesha kuifurahia na nyingine inakuzoesha kuiogopa. Mwenye kuuliza kama gemu ina damu ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: inaufundisha moyo wako kupenda nini?

Ua linalokumbuka

Undertale, ya mwaka 2015, imetungwa na Mmarekani Toby Fox. Michoro yake ni ya kitoto, lakini usidanganyike. Kila adui unayekutana naye unaweza kumpiga au kumwacha aende zake. Mwanzoni kuna Toriel, mama mlezi anayekulinda, na ambaye mwishowe anakuzibia mlango usitoke kwenda hatarini. Nilimpiga kwa pupa mpaka akafa. Nikajuta, nikafunga, nikarudi nyuma na kucheza tena, safari hii nikamwacha hai. Mbele kidogo likatokea ua lenye uso, likaniambia linajua nilichofanya mara ya kwanza.

Nywele zilinisimama. Kizazi chetu tumezoea kufuta: ujumbe, picha, orodha ya tulivyotafuta kwenye intaneti. Tunajua kwamba kila mmoja wetu ana malaika wawili wanaoandika, lakini tunaishi kama waliosahau. Na ua lile lilinifunua jambo jingine. Sikurudi nyuma kwa kumhurumia Toriel. Nilirudi kwa sababu nilitaka mwisho mzuri wa hadithi. Huko ni kusafisha rekodi, si kutubu. Toba ina majuto, ina kuacha, ina azma ya kutorudia, na kama umechukua haki ya mtu, ina kumrudishia. Kitufe cha kuanza upya hakina hata moja kati ya hayo.

Pakiti za wachezaji

Gemu ya tatu ni ya mpira, na hii wengi wenu mnaicheza. Sitaitaja jina kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Humo hakuna damu wala lugha chafu, na mzazi akikukuta unacheza anatabasamu. Lakini unaweza kununua kwa pesa halisi pakiti iliyofungwa, usijue ndani umepata mshambuliaji nyota au beki wa daraja la pili. Unafungua, taa zinawaka, moyo unadunda, unapata beki. Unanunua nyingine.

Usiku mmoja nilitumia shilingi elfu arobaini. Pesa ile kaka yangu alikuwa amenitumia kwa simu ya nauli na kuchapisha ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba bahati nasibu za aina hii ndani ya baadhi ya gemu ni kamari kwa sheria ya nchi ile. Uholanzi nako walibishana mpaka mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ikaamua vingine. Sisi hatuhitaji kusubiri mahakama ya Ulaya. Unatoa mali, hujui utapata nini, na tamaa ndiyo inayokusukuma urudie: maisir tunaijua tangu madrasa. Gemu niliyoidhani safi kuliko zote ndiyo pekee iliyochukua kitu cha kweli.

Kibanda cha mpakani

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Papers, Please ilitolewa mwaka 2013 na Lucas Pope. Wewe ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Watu wanapanga foleni, unakagua pasipoti na vibali, unagonga muhuri: apite au arudi. Unalipwa kwa kila mtu uliyemhudumia bila kosa, na nyumbani familia inangoja kodi, chakula na joto. Wengi wetu tuliokuja kusoma hapa tunaijua foleni ile kwa miguu yetu.

Siku moja mchezoni anapita mwanamume mwenye karatasi kamili. Anakuomba umwonee huruma mke wake anayefuata. Mke anafika, hana kibali cha kuingia, anasema akirudishwa atauawa. Nikamgongea muhuri wa kupita. Mashine ikatoa karatasi ya onyo. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo tu, mshahara haukatwi. Nikajiona mtu mwema, nikalala vizuri.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa Ramadhani, na mchana wa siku ileile nilikuwa nimekaa mezani kupokea fomu za mfuko wa futari na daku wa jumuiya yetu. Sharti lilikuwa fomu iambatane na barua ya imamu wa kwao. Dakika za mwisho akaja dada mmoja kutoka Kivu, fomu mkononi, barua hana.

"Kaka, kwetu watu wametawanyika. Imamu simpati kwenye simu."

"Dada yangu, bila barua siwezi kupokea. Utaratibu ni utaratibu."

"Sawa. Mungu akulipe," akasema, akaondoka.

Nilikumbuka maneno yake saa ya daku, nikiwa na kikombe cha uji mkononi. Yule mwanamke wa kwenye skrini hayupo popote duniani, na nilimpitisha. Dada huyu alisimama mbele yangu, na nilimrudisha. Kumhurumia yule hakukunigharimu chochote. Kumhurumia huyu kungenigharimu kuulizwa swali moja kwenye kikao. Onyo tu.

Nilimtafuta siku mbili. Nilipompeleka kwa mwenyekiti, mambo yakaisha kwa dakika tano. "Mbona hukuipokea tu ukaniambia?" mwenyekiti akaniuliza. Nikamwomba dada yule msamaha. Akaniambia nisijali, siku zile mwenzake wa chumbani, ambaye si Mwislamu, alikuwa anampikia maharage kila magharibi. Ameniruhusu kusimulia, mradi nisimtaje jina.

Kipimo changu

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Kilichobaki ndani ya mchezo, kiwe kuua au kusamehe, ni kivuli. Kama siwezi kudai thawabu kwa mwanamke niliyempitisha Arstotzka, basi na wazee niliowaibia si wizi kamili wa kupelekwa kwa kadhi. Lakini kinachovuka mpaka kurudi huku ni cha kweli: pesa iliyotoka, swala iliyopita, moyo uliozoea, na ile raha ya kujiona mwema bila kumfanyia mtu wema. Hii ya mwisho ndiyo naiogopa kuliko zote, kwa sababu haina harufu. Mtu anaweza kulia kwa ajili ya Sarajevo ya kwenye kompyuta na asijue jirani yake amefuturu nini.

Sijaacha gemu. Ile ya mpira nimeiondoa kwenye simu, na pesa ya kaka nimeirudisha kidogo kidogo. Hizo nyingine bado ninazo. Mezani pa jumuiya pia bado nimekaa, na mwaka huu tumeweka kisanduku kipya kwenye fomu: "Asiye na barua aeleze sababu."

Ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, ukisoma haya, usikasirike kwamba tulikucheka. Swali lako lilikuwa zuri.

Wabillahi tawfiq.