Amana ya Mnyama Asiyesema

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanadamu wanyama wawapande, wawale na wapate manufaa yao. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin kabla hajapewa utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa amana ni mzigo. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya An-Nisaa kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, na Mtume (S.A.W.) ameihesabu khiyana ya amana kuwa moja katika alama tatu za mnafiki. Amana ya fedha huweza kufungwa sandukuni na kuachwa mwaka mzima, nayo haitaona njaa wala kiu. Amana ya mnyama si hivyo. Mnyama ana tumbo na ana roho, kila siku ana haki mpya, wala hana ulimi wa kumshitaki aliyemdhulumu. Ndiyo sababu wanavyuoni wakaitenga wakaiandikia hukumu zake.

Walipoandika, mnyama aliyekuwa mbele ya macho yao alikuwa farasi, ngamia na punda wa Bara Arabu na Sham. Farasi ana heshima kubwa: Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi waendao mbio katika Sura ya Al-Adiyat, na Mtume (S.A.W.) amewasifu kwa kheri. Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa farasi hana makao, kwani mbung'o wa misituni humwua. Lakini hukumu haikuwekwa kwa ajili ya umbo la mnyama. Imewekwa kwa ajili ya roho yake na haki ya mwenyewe. Basi lisemwalo juu ya farasi ndilo lisemwalo juu ya punda, mbuzi, ng'ombe na hatta kuku wa uani. Na haja ya kuyajua haya ipo, kwani mtu wa Ruangwa hushuka Lindi kwa biashara ya ufuta au kwa kutafuta tabibu, au hujaaliwa safari ya Hija, mbuzi wake wakabaki kwa jirani. Na tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, ng'ombe wamezidi katika mkoa wa Lindi, na amana za wanyama zimezidi pamoja nao.

Kwa kufahamisha, utwaliwe mfano kama ilivyo ada ya vyuoni. Zaidi wa Ruangwa ana punda mmoja na mbuzi sita. Anataka kusafiri miezi mitatu, akamwendea Amri wa Nachingwea, akamwambia: "Niwekee wanyama wangu hatta nirudi."

MAS-ALA YA KWANZA: KUPOKEA. Amri asikimbilie kusema ndiyo kwa kuona haya. Akijua hana nguvu ya kuwalinda, ni haramu kwake kupokea. Akiwa ana nguvu lakini haiamini nafsi yake, ni makuruhu. Akiwa ana nguvu na anaiamini nafsi yake, ni suna kupokea, na ni katika kusaidiana juu ya wema. Watu wengi huanguka mlangoni hapa: hupokea kwa ulimi, na moyoni hawana nia ya kuamka alfajiri kwa ajili ya mbuzi wa mtu.

MAS-ALA YA PILI: CHAKULA NA MAJI. Zaidi akiacha chakula, Amri atawalisha katika hicho. Asipoacha, Amri atamtaka Zaidi au wakili wake atoe gharama. Wasipopatikana, atakwenda kwa kadhi, naye kadhi atakopa juu ya mali ya Zaidi, au atamkodisha punda kwa ujira, au atauza sehemu ya wanyama ili waliobaki wapone. Na ikiwa hapana kadhi, Amri atalisha kwa mali yake na kushuhudisha watu kwamba anakusudia kudai. Akiacha kuwalisha mpaka wakafa, analipa.

Na lau Zaidi mwenyewe atasema, "Usiwalishe," Amri akamfuata hatta wakafa, kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Imam Shafii, kama alivyoiandika Imam Nawawi katika Minhaj, ni kwamba halipi. Lakini amepata dhambi. Tazama, ndugu, maana iliyomo ndani yake: haki ya mali ni ya Zaidi, naye ameiachilia. Haki ya uhai si ya Zaidi, hana ruhusa ya kuiachilia. Kwa hiyo deni la duniani likaondoka na deni la Akhera likabaki. Mtume (S.A.W.) ametoa khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Na paka yule hakuwa amana ya mtu. Je, mbuzi wa watu afungwaye kambani wakati wa kiangazi, majani yamekauka na kisima kiko mbali?

MAS-ALA YA TATU: KUWATUMIA. Amri akimtwika punda magunia yake ya korosho bila ya idhini, amefanya khiyana, na tangu saa hiyo punda ameingia katika dhamana yake. Maana ya dhamana ni kuwa hatta akimrudisha zizini, na mwezi wa pili punda akafa kwa maradhi yasiyo na mkono wa Amri, Amri atalipa. Kutubu kwake hakumrudishi kuwa mwaminifu mpaka Zaidi mwenyewe amwamini upya. Ila ikiwa punda ni mkaidi, hakubali kuongozwa kisimani illa apandwe, basi kumpanda kwa ajili hiyo si khiyana, kwani kumefanywa kwa maslaha ya mnyama. Maziwa ya mbuzi ni ya Zaidi, na watoto watakaozaliwa ni amana kama mama zao. Amri asiseme, "Nimewazalisha kwa jasho langu." Akitaka ujira, autaje siku ya kupokea.

MAS-ALA YA NNE: MWEKEWA AMANA AKIPATA SAFARI AU MARADHI. Safari ikimjia Amri, atawarudisha wanyama kwa Zaidi au wakili wake. Asipowapata, kwa kadhi. Asipompata kadhi, kwa mtu mwaminifu. Kumwachia mtu mwingine bila ya udhuru kunamtia katika dhamana. Lakini kumtuma mchungaji mwaminifu awapeleke majini na kuwarudisha hakuna ubaya. Na akipatwa na maradhi ya kuogopewa, na hakuna wa kumkabidhi, ausie na awataje kwa alama zao: punda wa rangi kadha, mbuzi sita wa Zaidi. Akinyamaza, warithi wake watawagawa pamoja na tarika yake, naye atakuwa amekula mali ya watu akiwa kaburini.

MAS-ALA YA TANO: NENO LAKE. Na hapa ndipo penye uzito wa maneno yote yaliyotangulia. Zaidi amerudi, akakuta mbuzi watatu. Amri anasema watatu wamekufa. Sheria imesema: akidai sababu ya siri, kama wizi, au asitaje sababu, ataaminiwa kwa kiapo chake. Akitaja sababu ya dhahiri, kama moto, itatazamwa. Ukijulikana moto ule na kuenea kwake, kama moto wa nyika unaopita kijiji kizima wakati wa kiangazi, ataaminiwa bila ya kiapo. Ukijulikana kuwa ulitokea lakini haukujulikana kuenea, ataaminiwa kwa kiapo. Usipojulikana kabisa, ataleta ushahidi kwamba ulitokea, kisha ataapa kwamba ndio uliowaua. Na akidai kuwa amewarudisha kwa Zaidi mwenyewe aliyempa, ataaminiwa kwa kiapo.

Basi ona jinsi Sheria ilivyompa nguvu mwekewa amana. Hakudaiwa ushahidi wa kila siku, kwa sababu lau angedaiwa, hapana mtu ambaye angekubali kumwekea mwenziwe kitu. Ameitwa mwaminifu, na neno lake likafanywa ngao yake. Lakini ngao hiyo ina pande mbili. Kadhi hufunga jalada kwa kiapo. Mwenyezi Mungu halifungi.

Katika nchi za kusini, sababu iliyo nyepesi kuliko zote mdomoni ni mbung'o. Mnyama akifa, husemwa: "Mbung'o huyo." Na mbung'o ni kweli anaua. Katika miaka ya 1890 David Bruce, tabibu wa jeshi la Waingereza, alithibitisha kule Zululand ya kuwa nzi huyo huchukua vijidudu vya maradhi katika damu ya mnyama na kumtia mwingine. Lakini ukweli wa mbung'o umekuwa pazia la wavivu, na khabari moja ya nchi hizi hizi inaonyesha jambo hilo.

Mwezi wa Machi mwaka 1866 msafiri wa Kiingereza David Livingstone alishuka Mikindani, akakusudia kupanda bonde la Ruvuma, lililo kusini ya Masasi, na Masasi ni jirani ya Nachingwea. Alikuwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi watatu na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne. Moja katika makusudio yake lilikuwa kujaribu kama ngamia na nyati wataweza kuishi kwenye mbung'o. Wanyama waliwekwa mikononi mwa askari na watumishi. Katika kitabu chake cha safari ameandika kuwa mbung'o waliwauma kweli, lakini pia walitwikwa kupita kiasi, wakapigwa, wakatoka vidonda, na wengi wakafa njiani. Hatta jaribio lenyewe likaharibika, kwani haikujulikana sawasawa aliyeua ni mbung'o au ni mkono wa mwanadamu.

Kisha ikatokea kwamba askari walibaki nyuma, mwenye wanyama yuko mbele, na yule ndama wa nyati akapotea. Walipoulizwa wakasema amekufa, na chui milia wamekuja wakamla. Akawauliza, "Je, mliiona milia yake?" Wote wakasema waliiona waziwazi. Na chui milia ni mnyama wa Bara Hindi. Hayupo katika Afrika nzima. Walikuwa wamemchinja ndama wakamla. Walikubaliana wote juu ya uwongo mmoja, na wingi wao haukuwafaa kitu.

Huenda mtu akasema: mwenye mali yule hakuwa Muislamu. Na ajibiwe kwa kisa cha Hijra. Mwaka 622 Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka usiku, watu waliotaka kumwua ndio waliokuwa wameweka amana zao kwake. Hakuzichukua kuwa fidia ya dhuluma yao. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma, penye hatari, azirudishe amana kwa wenyewe, kisha ndipo amfuate Madina. Ikiwa amana ya adui mwenye upanga hurudishwa, amana ya mgeni, ya mfugaji wa kabila jingine, ya jirani mliyegombana naye, itaachwa kwa hoja gani?

Na ukumbuke khabari ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali, kama walivyoipokea Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na mfanyakazi aliyekwenda zake bila ya kuchukua ujira. Akaushughulikia ujira ule mpaka ukawa wanyama wengi pamoja na mchungaji wao. Siku mwenyewe aliporudi kudai haki yake kidogo, akaambiwa: wote unaowaona ni wako. Mtu yule akadhani anafanyiwa mzaha. Akawaswaga wote wala hakumwachia hatta mmoja. Wala hapakuwa na shahidi, wala kadhi, wala kiapo. Amali hiyo ndiyo iliyokuwa moja ya sababu za jabali kusogea.

Basi, ewe ndugu, ukiwekewa mnyama, mhesabu mbele ya mwenyewe siku ya kumpokea, na mtaje kwa alama yake. Uliza: atakula nini, na kwa gharama ya nani? Akiugua, mpelekee mwenyewe khabari siku hiyo hiyo. Akifa, waite majirani wamwone kabla hajazikwa, na useme lililokuwa: ikiwa ni mbung'o, sema mbung'o, ikiwa ulisahau kumpeleka majini siku mbili, sema ulisahau, ulipe. Thamani ya mbuzi duniani ni nyepesi kuliko kiapo cha uwongo.

Wala usidanganyike kwamba mnyama hana ulimi. Aliingia Mtume (S.A.W.) katika bustani ya mtu wa Ansari, ngamia alipomwona akalia na machozi yakamtoka. Mtume (S.A.W.) akampangusa, akauliza ni wa nani, kisha akamwambia mwenyewe amche Mwenyezi Mungu, kwani mnyama amemshitakia kuwa anamtia njaa na kumchosha. Ngamia yule alishitaki, akasikilizwa. Na mbuzi wa Zaidi naye anaye wa kumsikiliza.

Ewe Mola, wajaalie Waislamu wawe waaminifu wenyewe wakiwapo na wenyewe wakiwa mbali. Wasamehe yaliyopita, na uwape nguvu ya kulipa kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Amin.

Wa salla-llahu ala sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.